Njia ya Kupishana Nyuma ya Jiko la Mama

Mkutano unaoanza na soda baridi mimi siuamini. Siku ile kwenye ukumbi wa estate, pale Makongeni, tuligawiwa soda na mkate kabla hata ya maombi, na machale yakanicheza. Halafu ikaletwa karatasi ya kuandika majina.

"Baba, usisaini kitu," nikamnong'oneza.

Baba alifanya kazi reli mpaka akastaafu, akigeuza njia za treni kwa mkono. Alikuwa anatafuna mkate, macho kwenye ramani ukutani.

Watu wa ofisi ya reli walikuja kutaka maoni yetu kuhusu reli ya zamani, ile iliyoota nyasi nyuma ya nyumba zetu. Wanataka kuifufua ibebe watu wa Eastlands kwenda mjini. Injinia, mama mmoja mpole kupita kiasi, alisema inaweza kuendeshwa kwa namna tatu. Treni ziende asubuhi na kurudi jioni, basi. Au zipite kila nusu saa kutwa nzima, zikienda na kurudi juu ya reli hiyo hiyo moja. Au ijengwe reli ya pili kando yake, na hiyo ingekula safu yetu nzima ya nyumba.

"Ofisi inapendelea hiyo ya kila nusu saa," akasema akitabasamu. "Hakuna nyumba itakayoguswa."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikakunja mikono. Nani alishawahi kuja kwetu na ramani akaondoka bila kugusa kitu? Hata mwenyekiti wetu nilimshuku, alivyoshangilia vile. Kilichoniuma ni jiko la mama. Alilijenga mwenyewe kwa mabati nyuma ya nyumba, na tangu tumzike mama, Baba hapiki kwingine. Nimembembeleza ahamie kwangu Tassia, akasema ng'o, hatoki penye sufuria za mkewe.

Ndipo Baba akasimama.

"Madam, treni ya kwenda na ya kurudi zikikutana kwenye reli moja, ipi itarudi nyuma?"

Injinia akageukia ramani, akaikodolea macho. Nilijua! Nikaruka nikasimama. "Jibu swali la mzee! Mnatuficha nini?" Ukumbi mzima ukaanza kelele, jibu, jibu.

Baba akainua mkono watulie. "Labda wamesahau tu," akasema. "Inatakiwa njia ya kupishana, pembeni, treni moja ingoje nyingine ipite."

"Na wewe ungeiweka wapi, mzee?" injinia akauliza, kalamu tayari mkononi. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa anangoja mmoja wetu ataje mahali mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba anaijua reli ile hatua kwa hatua. Nikamvuta koti. "Baba, kaa chini. Tafadhali, Baba, nakuomba."

Akajinasua polepole, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole.

"Hapa. Kwingine kote kuna kona, dereva hataona mbele."

Hapo palikuwa jikoni kwetu.

Tuliporudi nyumbani nilimfokea kama mtoto. Nilimwambia nimeshinda nikiwashuku watu wa ofisi, na majirani, kumbe wa kuogopwa nilikuja naye. Akavua viatu vyake taratibu.

"Ulitaka ninyamaze, watu wagongane?" akauliza.

Juzi wapimaji walikuja na rangi nyekundu, wakaanza kuchora X ya kubomoa kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala. Baba akatoka na kikombe cha chai, akapima kwa hatua zake kutoka relini, akatikisa kichwa.

"Mmekosea," akawaambia. "Chumba kinabaki. Ni jiko."

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye lile jiko, akaweka kiganja juu ya bati la mama. Alikiacha pale mpaka wakamaliza, nayo rangi ikapita kando ya vidole vyake.