Salamu Kwanza

Mkuu wa mradi huandika kwa kidole kimoja, akikiinua juu kama kuku anayelenga punje. Naliaka, karani wake, alitengeneza templeti inayopanga kurasa yenyewe, lakini mzee bado husukuma kila kichwa cha sura katikati kwa kitufe cha nafasi, ta, ta, ta, mpaka mstari uvunjike. Kisha hupangusa skrini kwa ncha ya tai, ameridhika. Kila akihifadhi hati, kisanduku kwenye skrini humuuliza amebadilisha nini. Yeye hujibu: "Hamjambo wote wa Busia na Malaba. Huku tu wazima. Mungu awabariki."

Jioni hii ombi la ufadhili wa maji linapaswa kutumwa, na sura nzima ya visima haipo. Naliaka anapekua matoleo ya nyuma kutafuta ilipotolewa, na penye maelezo ya mabadiliko anakuta salamu, salamu, salamu.

"Mzee, si nilisema hapa unaandika kile umebadilisha?"

Mzee anavua miwani polepole. "Sasa dada, niingie kwa nyumba ya watu nianze kuhamisha viti kabla sijasalimia?"

Naliaka anairudia skrini akisaga meno. Salamu zipo zote. Viti ndivyo havipo.