Kuyumba Juu ya Tuta

Mwanafunzi wangu aliniuliza maana ya neno la Kiingereza "totter". Nikamweleza kwamba ni kuyumba kama unayetaka kuanguka, ingawa inasemekana asili yake ni neno la Kiholanzi cha zamani la kubembea tu. Viatu vyake vilinuka tope la majaruba ya mpunga, nikajikumbuka nikiwa mdogo, nimejitwika sufuria ya chakula cha wapandaji wote, juu ya tuta lenye utelezi.

"Ukimwaga, leo tunakula vyura," mmoja wao akanitania.

Shangazi, namshukuru hadi leo, akashuka majini akatembea kando yangu. "Usijikaze, mama. Acha kiuno kibembee, shingo ndiyo itulie."

Nilifika nikiyumba, hakijamwagika hata kijiko. Waliponitua ndipo nikaona mikono ya shangazi, bado imeinuliwa tayari kudaka. Njia nzima mikono hiyo haikuigusa sufuria.