Baba Akirudi Avikute Vitu Vyake

Binti yangu amerudi kutoka mjini na dini mpya. Siku hizi hatupi chupa, hatupi mfuko, na ameniletea kikapu cha kwendea sokoni kana kwamba nilizaliwa na mfuko wa nailoni mkononi. Anasema tununue kidogo, tutengeneze vilivyoharibika, tusijaze nyumba. Namsikiliza mpaka anamaliza. Sina ubishi naye, anayoyasema ni kweli tupu. Ila anayasema kwa furaha, na mimi niliwahi kuishi katika nyumba ya namna hiyo, na furaha haikuwamo.

Ilikuwa Bukhayo, nje kidogo ya Busia, katika miaka ile ya sabini ambapo watu walivuka mpaka wakitazama nyuma. Baba alikuwa makanika upande wa pili, Jinja, katika gereji ya malori. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani, akakaa siku mbili, akarudi kazini. Halafu mwisho wa mwezi mmoja hakuja. Uliofuata hakuja. Waliovuka walileta habari za wanaume waliopakiwa kwenye gari mchana kweupe, watu wakitazama, na hakuna aliyejua walikopelekwa. Hakuna aliyesema amemwona baba akichukuliwa. Hakuna aliyesema amemwona hata kidogo.

Mama alikwenda mpaka Malaba, ambako malori hupanga foleni, akawauliza madereva mmoja mmoja. Nilikuwa naye. Wengine walimjibu kwa upole, wengine walijifanya wanakagua matairi. Dereva mmoja wa makamo alimwambia arudi nyumbani alee mtoto. Tulipofika nyumbani mama alisimama katikati ya chumba akatazama kila kilichokuwamo, kiti, meza, chungu, taa, akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo hatutanunua kitu tena. Nilimwuliza sababu.

"Baba yako akirudi akute vitu vyake," alisema. "Asiingie hapa aone kama ni nyumba ya mtu mwingine."

Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani ni maneno ya uchovu, yatapita.

Watu walisema ni umaskini. Haukuwa umaskini. Mama aliuza unga wa muhogo katika soko la Matayos na wateja walimfuata hata alipohama kibanda. Na miaka yenyewe ilikuwa ya neema ya ajabu kwa wenye moyo wa kuthubutu. Magendo yalikuwa yamepamba moto, kahawa ilivuka kwa magunia, na vijana waliozoea kuomba kiberiti sasa walitembea na redio begani. Jirani yetu alinunua kochi akaliweka nje kwanza, juma zima, ili sote tupate nafasi ya kuliona. Mama alilitazama, akasema ni zuri, akaendelea kushona kiraka chake.

Tulikuwa hodari, lazima nikiri. Chumvi tuliipata kwenye majivu, tukiyachuja katika chungu chenye matundu, na mboga ya mrenda iliyopikwa kwa maji yale sijaonja nyingine mfano wake. Sabuni tuliipika wenyewe. Magunzi yalikuwa kuni. Sufuria ilipotoboka ilikwenda kwa fundi ikazibwa, ikatoboka pengine, ikazibwa tena, mpaka risasi ya fundi ikawa nyingi kuliko sufuria. Kiti cha baba kilipovunjika mguu, mama alikata tawi la mpera akauchonga mwingine kwa panga. Shuka ilipochakaa katikati aliipasua, akaunganisha kingo zikawa katikati, na ilipochakaa tena ikawa foronya, kisha tambara, kisha utambi wa koroboi. Binti yangu angetupigia makofi.

Mimi niliichukia nyumba ile, na zaidi ya kuichukia niliiogopa. Kila kitu kilikuwa kinangoja. Nikivuta kiti, mama aliniambia nikirudishe kilipokuwa. Kulikuwa na upande wa kitanda usiolaliwa, na mahali ukutani pasipoegemewa kwa sababu baba alipenda kuegemea hapo. Mama akisikia mtu akikohoa njiani, kisu kilisimama juu ya mboga mpaka mtu huyo apite. Nilianza kuona kwamba mwenye nyumba yupo, na sisi wawili tumekaribishwa tu.

Kitu kimoja hakikuguswa na mkasi. Baba alikuwa na ovaroli mbili za buluu. Moja aliondoka nayo, na ya pili ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mama alipofua aliifua na hiyo, ingawa hakuna aliyeivaa. Hakuikunja juu ya kamba kama nguo nyingine. Aliipitishia fimbo mabegani ili isipoteze umbo, na upepo ukija ilijaa, ikainua mikono. Wapita njia walikuwa wakiisalimu, kisha wanajishtukia na kuharakisha. Siku moja mzee mmoja mwenye macho mabovu alisimama kwenye ua, akaiuliza ovaroli habari za safari, akangoja ajibiwe. Nilikuwa ndani na sikuthubutu kutoka. Mama alitoka akamjibu mzee yule kwamba mwenyewe hajambo, amechoka tu.

Baada ya mavuno ya mwaka wa tatu ndugu za baba walikuja kutoka Matayos. Kwetu mtu akipotea moja kwa moja, huzikwa mgomba mahali pake ili roho isizurure, na siku ya kunyoa nywele nguo zake hugawiwa jamaa, huyu koti, yule kofia. Nguo zikishagawiwa, basi, mtu amekufa. Zisipogawiwa bado ni wa nyumba ile, hata kama dunia nzima imeshamlilia. Walilieleza jambo hilo kwa adabu, wakizunguka mbali kabla ya kulifikia. Mama aliwapa uji, akawangoja wamalize kunywa, ndipo akawaambia, "Nguo zake anavaa mwenyewe." Waliondoka. Aliyebaki ni nyanya, mama mzaa baba, tuliyemwita kukhu. Alisema mgongo unamuuma hawezi kutembea, na kesho yake alisema vivyo hivyo, mpaka tukaelewa kwamba amehamia.

Mwaka huo nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Sketi yangu ya shule, ambayo nayo ilikuwa ya buluu, ilikuwa imeongezwa pindo mara nyingi na kutiwa viraka vya gunia la unga, na wenzangu walisoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa nyuma yangu. Sindano ikipita ilitoka na nyuzi. Hatimaye mwalimu alinirudisha nyumbani, nisionekane mpaka nipate sketi nyingine. Mama alisema ataishona. Nilimwambia hakuna tena kitambaa cha kushonea. Akasema tutaona, na siku zikapita, na hakuingia dukani. Nilikaa nyumbani nikitwanga muhogo huku wenzangu wakirudia hesabu. Nilijua kwamba nikikosa mtihani, kutwanga ndiko kutakuwa kazi yangu. Nikaona wazi kwamba mama ananitoa mimi kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, na kwa siku zile chache nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Siku ya soko, mama alipokuwa Matayos, kukhu aliinuka akaitoa ovaroli kwenye msumari. Aliitandika mkekani, akanituma mkasi. Nilisimama.

"Kukhu, hiyo ni ya baba."

"Najua ni ya nani," alisema. "Leta."

Kabla ya kukata aliinusa, kwapani na kwenye kola, kwa muda mrefu. Kisha akanisogezea na mimi ninuse. Ilinuka sabuni ya majivu, basi. Mafuta ya gari, tumbaku, jasho, vyote mama alikuwa amevifua kidogo kidogo mpaka vikaisha. Kukhu alikata miguu yote miwili, akaifumua, akaketi mlangoni penye mwanga akashona kutwa bila kunyanyua kichwa.

Mama alirudi alasiri, kapu kichwani. Alinikuta nimesimama uani nimevaa sketi mpya. Aliitazama sketi, akatazama mlangoni, akatua kapu chini. Nilidhani ataipasua mwilini mwangu.

"Mimi ndio nilimzaa," kukhu alimwambia kutoka mkekani. "Kama kuna mtu wa kungoja ni mimi, na nimechoka. Huyu mtoto ako hai."

Mama alipiga magoti mbele yangu, akashika pindo, akalizunguka lote kwa vidole kama alivyofanya kwa kila nguo iliyopita mikononi mwake. Alisema limekaa sawa. Kisha akauliza mabaki yako wapi, kwa sababu katika nyumba yetu hakuna kitambaa kilichokatwa bila kubakiza. Kukhu alivuta mikono na kifua kutoka nyuma yake. Mama aliketi, akavitandaza, akavilaza vizuri.

"Mkono moja ni yako, mama," alimwambia kukhu. "Ingine tutapelekea ndugu yake." Akakinyanyua kifua chenye mfuko wa kalamu. "Hii nitakaa nayo."

Kukhu alipoupokea mkono ule alipiga ukemi, ule mmoja mrefu wa msiba ambao kila mtu Bukhayo anaujua. Wanawake walitoka mashambani wakikimbia, mikono kichwani, majembe yametupwa. Matanga ya baba yalianza hivyo, kwa sketi ya shule.

Mgomba ulizikwa. Tulinyolewa. Watu walilia sana, na jirani mwenye kochi alilia kuliko wote. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu masomo niliyoyakosa, na Jumatatu nilikwenda shule katika sketi nzito iliyonikwaruza magoti, na mwalimu akasema sasa umependeza. Nilidhani niko salama.

Siku ya soko iliyofuata mama hakwenda Matayos. Alikwenda Busia mjini, kichwa chake kilichonyolewa kikiwa kimefungwa kitambaa, akarudi na kapu lenye kitu kilichoviringishwa kwa gazeti. Alikifungua juu ya meza bila kutuita, lakini kukhu na mimi tulisogea. Vilikuwa vikombe vya bati, vyeupe, midomo ya buluu, vingali na vumbi la duka. Aliviosha, akavipanga, akatia chai. Kimoja akamsogezea kukhu, kimoja akanipa, kimoja akakishika mwenyewe.

Nililifungua gazeti nikatazama ndani, kisha nikainama nikatazama kapuni. Hakikuwapo kikombe cha nne. Hapo ndipo nilipomlilia baba.