Benchi Tisa za Kilabu cha Ufukweni

Nilitaka kununua kilabu kile cha pombe kwa sababu ya mgongo wangu. Miaka sita nilikuwa nashuka Karema kununua dagaa wakavu na kuwapandisha Mpanda kwa lori, nimekaa juu ya magunia kama gunia la ziada, na kila lori liliporuka shimo nilihisi pingili moja ya uti wa mgongo ikihama makazi. Hivyo niliposikia mwenye kilabu cha ufukweni anauza nyumba, kaunta, benchi na mitungi yake yote, nilijiona tayari nimekaa kivulini, wateja wanakuja wenyewe, na kitu kizito kuliko vyote ninachobeba ni kreti.

Kisha nikasikia bei, na furaha ikaniisha.

Bei ilikuwa ndogo mno. Kilabu kilikuwa hatua ishirini kutoka majini, na nilizipima mara mbili, kwenda na kurudi. Asubuhi mitumbwi ya dagaa ikifika, wavuvi walipita mlangoni pake kabla hawajafika kwa wake zao. Mahali kama pale hapauzwi kwa bei ya baiskeli na cherehani. Nilipomuuliza kwa nini anauza, alisema amechoka, anarudi Mamba kulima mpunga. Mamba napajua. Sijawahi kuona mtu aliyeacha kuuza bia akakimbilia kuinama kwenye tope kwa hiari yake.

Nikamwomba siku mbili nikague. Sisi wa dagaa hatununui gunia mpaka tumeingiza mkono hadi chini kabisa, maana dagaa wazuri hukaa juu na mchanga hukaa chini. Nikakaa kilabuni na soda yangu, nikaanza kuingiza mkono.

Kwanza, benchi. Zilikuwa tisa. Mbili fupi, mbili zilizozidi kidogo, mbili zaidi ya hizo, mbili tena, na moja ndefu kuliko zote. Ukizipanga kichwani, zinapanuka kuelekea katikati kisha zinabana tena. Ni mbao za kukalia za mtumbwi. Mwenye kilabu hakukataa: alisema ni mtumbwi wake wa zamani wa dagaa, ulivunjwa na upepo, na kaunta nayo aliitengeneza kwa kipande kizima cha ubavu wa mtumbwi huo.

Mimi nimesimama kwenye mitumbwi ya dagaa mara nyingi kuliko nilivyosimama kanisani. Mtumbwi wa dagaa katikati uko wazi, kwa ajili ya wavu na samaki. Hauna mbao tisa za kukalia. Mbao tisa ni za mtumbwi wa kubeba watu.

Pili, oili chafu. Alikuwa anapaka benchi zote oili chafu ya lori kila baada ya miezi michache, akisema ni dawa ya mchwa. Nguzo za nje, ambazo mchwa walikuwa wanazila kweli, hakuzigusa. Alipaka zile za ndani, ambazo watu hukalia. Mpanda tulikuwa tunawatambua watu waliotoka Karema kwa kuwaangalia nyuma ya suruali.

Tatu, mteja mmoja. Huyu nilimfahamu tangu mwaka uliopita: fundi wa mitumbwi aliyetoka ng'ambo ya ziwa wakati wa vita vyao. Kila wiki alikuja kutoka makazi ya wakimbizi, akakaa kwenye benchi ya mwisho akitazama maji, akanywa kikombe kimoja cha komoni, pombe ya kienyeji, taratibu kama dawa. Alikuwa anawangoja mke wake na watoto wawili. Aliwatanguliza pamoja na majirani kwenye mtumbwi aliouunda mwenyewe, ukajaa, yeye akabaki avuke na mwingine. Alipovuka hakuwakuta. Watu walimwambia labda upepo uliwapeleka Kigoma, labda kusini huko. Yeye akachagua kungoja palepale alipowaambia watamkuta.

Siku moja alinisimulia ule mtumbwi akicheka. Mafundi wa ziwa lile huziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese. Pamba ilimwishia kabla ya nyufa kuisha, na milio ya bunduki ilikuwa imefika kilima cha pili, akachana kitenge cha mkewe, cha njano, kipya. Mke aligombana naye mpaka wanaingia majini.

"Ile mutumbwi," aliniambia, "ilikuwa imevaa kuliko bibi yangu."

Wiki ile niliyokuwa nakagua, wenzake walikuwa wanarudi kwao kwa meli. Vita kule kwao vilikuwa vimetulia kidogo, jina lake lilikuwamo kwenye orodha, na alikuwa amekataa kuondoka.

Mchana wa siku ya pili nikaingia nyuma ya kaunta, nikapitisha mkono chini yake kutafuta mchwa. Sikupata mchwa. Kwenye ufa kati ya mbao mbili vidole viligusa kitu kigumu, nikakikwaruza kwa kucha kikatoka kipande. Juu kilikuwa cheusi kwa oili. Ndani, nyuzi zilikuwa za njano.

Hakukuwa na mteja saa ile. "Mzee," nikamwita, "huu mtumbwi ulikuwa wa nani?"

"Si nimekwambia wangu, mama?"

"Wako uliuziba kwa kitenge?"

Akaacha kufuta glasi. Kisha akasema yote kwa mara moja, kama mtu anayetua mzigo popote. Aliukuta kwenye matete asubuhi baada ya upepo mkubwa. Hakuna mtu ndani, hai wala maiti. Kitu kilichokutwa majini hupelekwa kwa viongozi, kikae mpaka mwenyewe atafutwe. Yeye aliona mbao, na alikuwa na kiwanja kisicho na nyumba. Akaupasua kabla wiki haijaisha. Yule fundi alipokuja kuuliza baada ya miezi miwili, aliulizia akiwa ameshakaa juu yake.

"Ningemwambiaje?" akasema. "Na kila alivyorudi ikawa ngumu zaidi."

Nikamuuliza ndani alikuta nini.

"Viatu."

"Vingapi?"

"Sikuvihesabu."

Nimesikia mengi sokoni, lakini lile neno lilinikaa vibaya kuliko ule wizi. Hata hivyo naandika lililotokea, si lile ambalo ningependa litokee. Aliniambia atanipunguzia nusu ya bei, ila kilabu nakinunua pamoja na yaliyomo, nayo yabaki humo. Nikamjibu, "Nitafikiria." Kila mchuuzi anajua maana yake. Maana yake ni ndiyo, ila naona aibu.

Asubuhi iliyofuata meli ilikuwa imesimama mbali na ufuko, na boti zinapeleka watu na mizigo yao. Fundi alikuwa kwenye benchi yake. Mzee mmoja wa kwao alikuja kumbembeleza kwa mara ya mwisho, akamwambia boti inayofuata ndiyo ya mwisho.

"Bibi akifika akinikosa hapa?" fundi akamjibu.

Nikasimama. Nikamwambia, "Kaka, hebu njoo uweke mkono hapa chini ya kaunta."

Alikuja haraka, akidhani kuna kazi ya ufundi. Vidole vyake vilipita kwenye ufa kidogo, vikasimama. Kisha vilikwenda polepole mpaka mwisho wa kaunta na kurudi. Akageuka akaziangalia benchi, akaenda akazigusa moja moja, zote tisa. Mwenye kilabu alishika ukingo wa kaunta, nadhani alikuwa anangoja kupigwa.

"Batu?" fundi akamuuliza.

"Hapakuwa na mtu. Viatu tu. Nilivizika nyuma ya jiko."

Akaenda nyuma ya jiko, peke yake. Meli ilipiga honi mara mbili. Aliporudi alitoa kisu chake cha kazi, akapiga magoti, akaanza kung'oa kile kitenge kutoka kwenye ufa, kipande baada ya kipande, bila kukata. Yule mzee wa kwao alikimbia kuwaomba watu wa boti wasubiri, wakasubiri. Fundi alipomaliza alikikunja, akakitia mfuko wa shati, akatembea hadi majini, akapanda boti. Hakumpiga mtu wala hakuaga.

"Umeniharibia biashara, mama," mwenye kilabu akasema.

"Na yangu pia," nikamjibu, na mchana huo nikapanda juu ya magunia.

Kilabu kilinunuliwa na mtu mwingine. Msimu uliofuata nilipita pale nikakuta mwenye mali mpya amejaa malalamiko: kila bia ikimwagika kwenye kaunta inapita kwenye ufa na kumlowesha miguu. Akaniuliza, kama mzoefu wa Karema, aizibe na nini.

Nikamwambia anunue pamba.