Idadi Ilikuwa Sahihi

Nikifunga kufuli la chumba changu pale Karatu, nililivuta mara mbili, nikatembea hadi kona, nikarudi kulivuta mara mbili tena. Jirani yangu, mama muuza maandazi, alichoka kunitazama. "Kaka, hilo kufuli halitavunjwa na mwizi. Utaling'oa wewe." Maandazi yake nayo niliyahesabu mara mbili, ingawa nilinunua mawili.

Siku hizi nasikia wataalamu wana jina refu la hali hiyo. Sisi tulisema wasiwasi tu, na wa kwangu najua ulikozaliwa: nyuma ya lori.

Ulikuwa mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori lilikuja kutuchukua kwetu Buger asubuhi, nami nilikuwa na miaka tisa. Mama akanikabidhi mdogo wangu wa kike, wa miaka mitatu. "Usimwachie mkono." Nikamwachia ili nimkamate kuku aliyetoroka. Kuku nilimpata. Baba akatupandisha na kuhesabu wanawe: "Sita." Tukaondoka.

Tulipofika, wa sita alikuwa mtoto wa jirani, ametulia kabisa, anakula viazi vyetu. Mdogo wangu alikuwa amebaki kwenye nyumba iliyokwisha kuezuliwa, amelala juu ya gunia. Baba alirudi naye jioni, mzima, tumbo limejaa uji wa majirani waliokuwa hawajahamishwa. Hakuna aliyenichapa. Laiti wangenichapa, pengine yangeishia hapo. Badala yake nikaanza kuhesabu.

Mdogo wangu akakua, akapata mchumba. Mimi ndiye niliyejulikana nyumbani kwa kupatana bei, nikatumwa Endulen kutafuta mbuzi wanane wa karamu. Nilipata mfugaji mmoja wa Kimaasai, mzee mwembamba, tukavutana mpaka chai ikaisha kwenye birika. Tulipokubaliana, nikanyoosha kidole. "Mmoja, wawili, watatu..."

Fimbo ikatua kwenye kidole.

"Ero, kijana! Unanihesabia mifugo? Unataka wafe?"

"Nahakikisha tu, mzee."

"Kahakikishe vya kwenu. Ukihesabu tena, hakuna biashara."

Ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Nikirudi mikono mitupu, nitakuwa nimemwacha mdogo wangu mara ya pili, safari hii mbele ya wakwe. Nikatia mkono mfukoni, nikahesabu kwa macho. Wanane. Nikarudia. Wanane.

"Wametimia, mzee."

Akawatupia jicho mara moja, kama mama anayetazama wanawe wakila. "Huyo mweusi si wangu, ni wa jirani. Wangu ana sikio limepasuka. Yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya boma, anatafuna shuka la mtu.

Nikakaa chini. Nilipata wanane mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nachukua mbuzi wa watu. Sijui kwa nini, nikamweleza mzee habari ya lori. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo baba yako alihesabu vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Idadi ilitimia, mtoto akabaki. Na wewe ukaona dawa ni kuhesabu zaidi?"

Miaka yote nilikuwa nasahihisha hesabu ambayo haikuwa na kosa, ili nisikumbuke mkono niliouachia.

Mbuzi walifika, yule wa sikio lililopasuka akiwa mbele. Jumamosi lori la kwenda kanisani lilipoanza kunguruma, bibi harusi alinichungulia kutoka juu. "Kaka, umeshatuhesabu mara mbili, au bado?"

"Bado."

Nikapanda, nikamtazama usoni, nikamshika mkono.

"Unaniumiza!"

"Vumilia."

Sikuuachia mpaka mlangoni mwa kanisa. Wageni wengine niliwahesabu njiani, lakini mara moja tu.