Tope la Chwaka

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni, brashi ya kuoshea chupa na onyo. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika ghorofa iliyokodiwa mtaa wa Mlandege na mtafiti mmoja mgeni, ambaye sisi tulimwita Bwana Mtafiti. "Hapa uchafu ndio kazi yenyewe," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Usioshe kitu mpaka uulize."

Aliyenifunza kazi ni Makame, Mtumbatu, aliyenizidi miaka kumi. Yeye ndiye aliyekwenda Chwaka kuchota tope kwenye mikoko. Tulilitia katika mtungi mrefu wa kioo, tukaufunika na kuuweka dirishani. Baada ya miezi kadhaa tope likajigawa matabaka: kijani juu, zambarau kati, jeusi chini. Kila tabaka lilikuwa na vijidudu vyake, na vile vya chini havikuhitaji hewa. Tulivitazama kwa hadubini, chombo cha kukuzia visivyoonekana kwa macho. Bwana Mtafiti alisema kwamba viumbe wa namna hiyo walitangulia duniani kabla ya samaki na majani, na kwamba kila chenye uhai, mkarafuu, papa na mtu, kimetoka katika shina moja.

Mimi nilikereka. Yaani niambiwe tope ni jamaa yangu! Makame alicheka tu.

"Mungu ndiye ajuaye alivyoumba. Sie twachota tope. Haya, shika chupa."

Mtungi ulipotimiza mwaka wa pili, Bwana Mtafiti alisafiri wiki mbili. Ilikuwa mwisho wa Shaaban, na kwetu Ramadhani haiingii katika nyumba chafu. Nilisugua sakafu na madirisha, kisha nikaufikia mtungi, ambao ulinuka yai viza. Sikumuuliza mtu. Nililimwaga tope lote mtaroni, nikausugua mtungi kwa jivu na ndimu mpaka ukang'ara. Ningeweza kusingizia usafi, lakini kweli ni kwamba niliona raha kulimwaga.

Bwana Mtafiti aliporudi aliketi mbele ya mtungi, kofia bado kichwani. Hakupiga kelele, bora angepiga.

"Miaka miwili," alisema. "Nani?"

Makame alinitazama. Alijua kwamba mke wangu ni mja mzito, mimba ya kwanza.

"Mie, Bwana," akasema.

Nami nikanyamaza. Makame aliachishwa kazi siku ile ile, akarudi kwao kisiwani Tumbatu, na nafasi yake nikapewa mimi.

Baadaye nilihamia maabara ya hospitali, chini ya Mkemia Mkuu, nikapanda vyeo hadi msimamizi. Nimewafunza vijana wengi kwamba mtu wa maabara huandika kilichotokea, hata kikimuaibisha. Kila nikisema hivyo nilijionea haya.

Nilipostaafu ndipo nilipovuka kwenda Tumbatu. Nilimkuta Makame mlangoni kwake akimenya muhogo, mzee, macho yamefifia.

"Shikamoo."

"Marahaba, Khamis." Aliijua sauti yangu.

Nililia, nikamuomba radhi. Aliniacha nimalize.

"Radhi nlikupa siku ile ile," alisema. "Nlidhani ungekuja Ijumaa yake. Mwaka mzima, mtu akipiga hodi, nkimwambia mke wangu: weka chai, huyo Khamis."