Taa ya Einar Tveit

Siku hizi watu wa bonde lile la Wisconsin, Marekani, huenda kwenye handaki la zamani la treni kuendesha baiskeli na kupunga upepo. Reli ziling'olewa, kokoto zikamwagwa laini, na mlangoni pakawekwa benchi, kana kwamba pale hapakuwahi kuwa na kazi ya maana. Ardis Tveit alikuwa ameapa hatakanyaga hapo. Jumamosi ile alikwenda, amemshika mkono mumewe Einar, na alikuwa na haja moja tu: mumewe amtambue, japo kidogo.

Einar alikuwa mlinzi wa handaki hilo. Majira ya baridi aliifungua milango mikubwa ya mbao treni ikija, akaifunga ikishapita, barafu isije ikaota ndani. Kisha aliingia peke yake na taa, kukagua kama kuna jiwe lililoanguka. Akitoka salama aliitundika taa kwenye ndoana ya mlangoni, na Ardis, juu kilimani nyumbani kwao, alipunga kitambaa cheupe dirishani na kuteleka kahawa. Ndivyo walivyosalimiana miaka yote ya ndoa yao.

Sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemmaliza. Alimwita Ardis "mama," kwa adabu ile wanayopewa wageni, na adabu hiyo ilimchoma Ardis kuliko matusi.

Ndani ya handaki Einar alichangamka ghafla. Alichukua tochi mkononi mwa mkewe, akaanza kumulika dari. Mara akatokea binti juu ya baiskeli.

"We binti, toka relini!" Einar alifoka. "Ingia kishubakani! Unataka kufa?"

Binti akatazama chini, hakuona reli. Ardis akamkonyeza. Binti akajibanza na baiskeli yake kwenye kishubaka cha ukutani.

"Haya babu, nimeingia. Usinigombeze."

"Masikio mmewekewa pambo tu," Einar alinung'unika, na Ardis akacheka, jambo alilokuwa amelisahau. Kicheko kikampa moyo wa kuuliza.

"Einar, unanijua mimi?"

"Samahani, mama, niko kazini. Halafu mke wangu ananisubiri."

"Mkeo yukoje?"

"Mkali huyo!" Einar alitabasamu. "Kahawa anaivunjia yai ili machicha yazame, kama mamake. Lakini nikichelewa hapati hata lepe la usingizi."

Ardis akamshika tena mkono, wakasonga mbele.

Walipotoka upande wa pili, ndoana ilikuwapo bado, imejaa kutu. Einar akatundika tochi, akainua macho kilimani. Nyumba yao ilikuwa imekwisha bomolewa, pamebaki nyasi. Alingoja, asione kitambaa.

"Hajaiona taa. Labda anaumwa. Mama, nakuomba, nenda ukamtazame."

Ardis alimwachia yule binti, aliyekuwa amewafuata, amshike mzee. Akapanda kilima kwa magoti yake mabovu, akishikilia vichaka, hadi pale lilipokuwa dirisha. Akavua skafu yake nyeupe, akapunga.

Kule chini Einar alirusha mkono juu.

"Ardis!" aliita, kwa sauti ya ujanani. "Ardis wangu! Teleka kahawa, nakuja!"

Ardis alilia kwa kwikwi, huku akipunga.

"Bibi, amekujua!" binti alipaza sauti. "Shuka, anakusubiri!"

Ardis hakushuka. Alijua akifika chini atakuwa mama tena, mgeni wa kuheshimiwa. Mkono ulipomchoka, aliihamishia skafu mkono wa pili, akaendelea kupunga.